Swali la Mama Kulwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hasira hunipanda hadi leo, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa kijana, kibarua katika kambi ya watafiti wa madini kule Bugarama. Wageni wale walizungumza Kihispania, na mmoja wao alitufundisha lugha hiyo jioni kwenye bwalo. Tulijua kwamba atakayeelewana nao atapewa ajira ya kudumu. Mama Kulwa, mpishi wetu, mjane mwenye mapacha, aliitaka ajira hiyo kuliko sisi sote. Mlangoni tulimwamkia shikamoo kwa adabu zote. Ndani tukamfanya kichekesho!

Jioni hiyo aliinua mkono. "Mwalimu, umesema meza ni ya kike, kitabu ni cha kiume. Sasa mimi nitajuaje?"

"Funua kitambaa cha meza uchungulie!" nikadakia. Bwalo zima likaangua kicheko.

Mwalimu akanigeukia. "Wewe mjuaji, mjibu."

Nikaanza kupekua daftari. Nilikuwa nimekariri tu la mesa, el libro, basi. Ndipo mwalimu akaeleza kwamba kike na kiume hapo ni makundi ya maneno tu, kama ngeli zetu, na kila neno tulishike pamoja na kile kineno chake cha mbele, la au el. Jibu lilikuwa fupi, lakini Mama Kulwa alikuwa ameshajifunga kitenge chake na kutoka. Hakurudi tena darasani, na ajira akapewa mwingine.

Miaka ilipita ndipo nikamfuata kwao Samuye kumwomba radhi. Nilimkuta shambani, analima kwa jembe la mkono. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba, siku ile nilikuwa na maswali mengine mawili," akasema, akainama kulima.

Halafu leo naambiwa darasani kwenu msichana kauliza kwa nini Kihispania kina ser na estar wakati yote mawili ni "kuwa", mkamzomea. Na wewe ulikuwemo! Nani kati yenu alikuwa na jibu? Hamna hata haya!

Mwanangu, anayeuliza mbele za watu huwaulizia na wenzake wanaoogopa. Nenda kwake leo hii, kabla hajaacha darasa, umwombe msamaha, kisha mlitafute jibu pamoja. Mungu akujalie ujasiri wa kusema sijui, na akufumbe mdomo mwenzako anapouliza.