Sababu Ndefu za Riba

Kule benki kuu ninakofanya kazi, tuliamua kuacha kutangaza riba kwa lugha ya mafumbo. Sasa tungeeleza sababu zote, tena kwa Kiswahili cha kueleweka.

Nilipoenda nyumbani Sotik nilimsomea mama tangazo jipya, akiwa ametoka kupeleka majani chai. Nilianza na soko la dunia, nikaja kwa dola, nikafika kwa bei ya mafuta. Akanikatiza.

“Bonasi ya chai ya mwisho wa mwaka ikiwa nzuri, watu wa kiwanda wanaitaja tu na kwenda zao. Ikiwa mbaya, ndio wanaanza na soko la dunia. Riba imepanda sana, eeh?”

“Imeshuka, mama,” nikasema, nimeshakasirika.

Akanimiminia chai.

“Pole, mwanangu. Uongo huu wangemtuma mtu mwingine.”