Mandarini ya Shangazi na Vidudu vya Kiangazi

Shangazi yangu alipokimbia vita kutoka upande wa Nizi, wenzake walibeba magodoro na sufuria. Yeye aliongeza mche wa mandarini, mti wa machenza, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Aliupanda nyuma ya nyumba yetu, hapa mjini, mtaa wa Shari, akatangaza kwamba mti huo ni mgeni kama yeye: siku atakaporudi, atatoa miche kwenye mti huo na kuipanda pale mandarini yake ya zamani ilipoungua pamoja na nyumba.

Mti ulikua. Yeye akazeeka. Amani ilikuja, ikatoka kidogo, ikarudi.

Tatizo lilikuwa vidudu. Kila kiangazi, mvua zikikatika, matawi yalijaa vidoa vya kahawia kama vile mtu kayamwagia dengu. Havikimbii wala haviruki. Vinajifunika gamba na kufyonza. Majani yalinata, yakawa meusi kama yaliyopakwa masizi, na sisimizi wakapanda na kushuka wakilinda vidudu hivyo kwa ajili ya utamu vinaoutoa. Shangazi aliwaita sisimizi hao watu wa barieri, kama wale wanaofunga barabara na kutoza wapitao: hawalimi, lakini hakuna kinachopita bila wao kuonja.

Mimi nilisoma sosholojia. Kwa shangazi huo haukuwa udhuru. Mtu aliyekaa chuo kikuu hawezi kushindwa na kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Basi nikachanganya maji, sabuni na mafuta kidogo, nikaazima pampu, nikaupulizia mti huku majirani wakinitazama kwa heshima ambayo vitabu vyangu havijawahi kuipata. Wiki ileile mvua zikaanza, nzito, zikawaosha watoto wa vidudu kabla hawajapata pa kushika. Mti ukachipua. Nilieleza kwamba ni mvua. Nikaambiwa niache kujishusha.

Shangazi alipoona vidudu vimepungua, alisikia pia kwamba barabara ya Nizi imetulia. Kwake habari hizo mbili zilikuwa moja, na sikuweza kumcheka. Wakati wa mvua barabara huwa tope, wenye bunduki hutulia walipo, nasi mjini husema safari hii amani ni ya kweli. Udongo ukikauka, kila kitu hutembea tena. Sote tunajua, na kila masika tunasahau.

Alifunga udongo kwenye matawi hadi yakatoa mizizi, akayakata na kuyatia mikebeni. Alikusudia kufanya kama wengine: kulima kule mchana, kurudi mjini kulala, mpaka siku moja asirudi.

Miche ilipokuwa tayari, kiangazi kilikuwa kimeanza. Asubuhi ya safari, pikipiki ikisubiri langoni, niligeuza jani moja. Kando ya mshipa wake palikuwa na vidoa vya kahawia. Nikageuza la pili.

"Shangazi, viko humu. Unavipeleka kule."

"Kule viko tayari. Mimi ndiye niliyetoka."

Nikamsihi angoje mvua zirudi. Aliufunga mkebe wa mwisho kwenye kapu, kisha akanitazama bila hasira.

"Weye ulisoma. Niambie ni mwezi gani vinakufa vyote, nitangoja ule."

Nilitafuta mwezi huo kwa bidii, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Hakuna mwezi kama huo, wala kwa vidudu, wala kwa barabara.

Nilichoweza ni kumwomba anipe kapu kwa muda. Nikachuchumaa, nikaanza kusugua majani kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, mpaka dereva akasema kwamba jua halingoji. Shangazi alipanda, akalipakata kapu, akaagiza tusifunge lango mapema, atarudi kulala.

Pikipiki ilikata kona. Nyuma ya nyumba sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka. Kidole changu kilinata mchana kutwa, na jioni nilikaa langoni.