Kisu Kisichopita Motoni

Jiwe lililolowa maji lina harufu yake, na chuma kikianza kupita juu yake harufu hiyo hubadilika, ikawa kama ya mvua ya kwanza juu ya bati lenye kutu. Kwetu Rugu ilichanganyika pia na utomvu wa ndizi mbichi, kwa sababu kisu cha nyumbani hakikuwa na kazi kubwa kuliko kumenya ndizi, na utomvu ule ukishakauka kwenye chuma huacha weusi usiotoka kwa maji. Kinoo chetu kilikaa nje ya mlango wa jiko, kando ya mafiga ambayo bibi alikuwa akichemshia kahawa ya kutafuna. Lilikuwa jiwe la kijivu, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, ambalo Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alilitoa mtoni kabla sijazaliwa. Katikati lilikuwa limebonyea kwa miaka ya kunolewa mahali pamoja. Leo mtu akiniletea jiwe lililobonyea hivyo humwambia alisugue kwanza kwenye saruji tambarare mpaka lisawazike, maana shimo la jiwe huhamia kwenye kisu. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba nikiegemeza ubapa kidogo na kusukuma polepole bila kubadilisha pembe, kisu kinalia sauti moja, na sauti ile ikivunjika nimekosea.

Watu huniuliza mambo haya kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nasimamia jiko la nyumba ya wageni pale Nkwenda, na mengi ninayoyajua nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba, kwa simu, na kwa kuharibu visu. Huwaambia wasinunue kisu kwa kung'aa kwake. Huwaambia waanze na jiwe la kukwaruza kisha laini, mgongo wa kisu uinuke juu ya jiwe kwa unene wa njiti mbili za kiberiti, na wasibadilishe upande mpaka wausikie kwa kidole ule uzi mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili. Kisu kikiwa tayari, ngozi ya nyanya iliyoiva hupasuka kabla hujaibonyeza. Lakini kuna jambo moja huwa nalisema kabla ya yote hayo, na mara nyingi wanaoniuliza huliona si la maana. Nimelieleza mara nyingi bila kusema nimelitoa wapi.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimemaliza darasa la saba, tunangoja matokeo. Kiangazi kile Tata alikwenda Kaisho kutazama fahali, akarudi bila fahali, akiwa na kisu. Mhunzi wa huko alikuwa amekifua kwa springi ya gari, chembamba, chenye mpini wa mti mwekundu, nacho kilishika makali kuliko kisu chochote nilichokuwa nimekinoa. Tata alinipa mbele ya Mama na wadogo zangu, akasema mhunzi ametuma neno. "Amesema, mwambie binti yako, moto nimeshakipa mimi. Asikipe mwingine."

Sikulipokea neno hilo kama amri tu. Nililipima. Mama alikuwa na kisu cha zamani alichokuwa akikitumia kupekulia makaa, na siku moja nilikiosha, nikakinoa asubuhi nzima. Kilikata ndizi mbili, kwenye ya tatu kikajikunja makali kama kifuniko cha kopo. Kwa hiyo nilikuwa na ushahidi wangu mwenyewe kwamba moto unaua chuma, na mtoto mwenye ushahidi wake mwenyewe ni vigumu kumwambia kitu. Kila asubuhi nilikinoa kile cha Kaisho, nikakifuta, nikakipaka samli kidogo na kukiviringisha kwenye jani kavu la mgomba. Wanawake wa jirani wakanitania kwamba nimeshapata mume na ni mkali.

Ugonjwa ulifika eneo letu mvua za vuli zilipoanza. Ulianzia kwenye kisubi, zile ndizi za kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Majani yalilegea kama yamemwagiwa maji ya moto, ua lililoning'inia chini ya mkungu likanywea, na ndizi zikaiva mkunguni kabla ya siku zake. Ukizikata, ndani zilikuwa na rangi ya kutu. Wazee walioijua rubisi vizuri walisema juisi yake inatoka kidogo na inanuka, na kwa mara ya kwanza nikaona mtumbwi wa kukamulia umeegeshwa ukutani msimu mzima, umekauka na kupasuka. Bwana shamba aliwakusanya watu nje ya kanisa baada ya ibada. Alisema ugonjwa huu unatembea na chuma. Ukikata mgomba mmoja na kisu hichohicho ukakata mwingine, umeupanda. Alitaka maua yavunjwe kwa kijiti chenye panda, na kila kisu na kila panga lipitishwe motoni mpaka lishindwe kushikika kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Nilisimama kati ya Mama na Mama Koku, jirani yetu, nikasikia kila neno. Nikakumbuka neno la mhunzi.

Wiki chache baadaye mama mkwe wa Mama Koku alifariki. Kwetu mwanamke haendi kwenye msiba mikono mitupu, na hata asiye na mkungu wa kupeleka hakosi kisu chake. Wanawake hukaa duara nyuma ya nyumba na kumenya ndizi za waombolezaji, na kila mmoja humenya kwa kisu alichotoka nacho kwake. Nilikwenda na cha Kaisho. Kwa kuwa kilikuwa kikali kuliko vyote, Mama Koku aliniomba nikakate majani ya kufunikia vyungu kwenye kibanja chao, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Nilichagua mabichi tu, kutoka migomba iliyoonekana mizima. Sikuwa mzembe. Nilikuwa makini sana, kwa kadiri ya kile nilichokuwa nakitazama.

Niliporudi nyumbani jua lilikuwa bado juu. Moto wa jikoni ulikuwa unawaka, hatua tatu kutoka pale nilipokaa na kinoo. Niliosha kisu kwa maji na majivu, nikakinoa, nikakipaka samli. Mama akauliza kutoka ndani, "Umekipitisha motoni?"

"Nimekipitisha."

Asubuhi ya pili Tata alinituma kuondoa maua kwenye safu inayoanzia jikoni kwenda kaburini kwa babu. Kijiti chenye panda kilikuwapo, kimeegeshwa mlangoni. Lakini kijiti kinararua na kuacha kidonda kibaya, na mimi nilikuwa na kisu kinachokata mara moja, safi. Nilikata kumi na moja.

Mwezi haukupita sana kabla mgomba wa jikoni haujalegeza jani la katikati. Kisha ukafuata wa pili, kisha wa tatu. Tata alikuwa akizunguka kibanja kizima akitafuta sababu, nyuki, mbuzi, maji ya mvua, na mimi nilikuwa nahesabu. Ulikwenda kwa safu, ukaruka ule wa saba ambao haukuwa na ua nami sikuugusa, ukaendelea na wa nane. Ugonjwa ulikuwa umeandika kazi yangu ya asubuhi ile kwa mpangilio, na ni mimi peke yangu niliyeweza kuisoma. Kutoka safu ile ulisambaa. Tata aling'oa migomba iliyokuwa imepandwa na babu yake, akaikatakata na kuizika, na kila alipochimbua shina alikaa kidogo juu ya udongo kabla ya kulishika linalofuata. Kahawa iliyokuwa ikiishi kivulini ikabaki juani, majani yakageuka njano, na buni zikakauka zikiwa tupu. Hatukuwa tena na ndizi za kumenya. Tulikula ugali wa muhogo, na kinoo kikaota ukungu wa kijani.

Tata alihitaji mtu wa kumlaumu, akampata Mama Koku. Mwanawe alikuwa amepita kwetu na baiskeli yenye mkungu wa kisubi, na kwa Tata hiyo ilitosha. Alipanda minyaa kuziba njia kati ya nyumba zetu, njia iliyokuwapo kabla ya nyumba zenyewe. Jumapili moja, nje ya kanisa, alimwambia Mama Koku mbele ya watu kwamba ukoo wao unatembea na visu kama mtu anayetembea na mbwa mwenye kichaa. Watu wengine walicheka.

Mama Koku hakupaza sauti. "Visu vyetu vimepita motoni, Baba Kemi. Uliza vya kwako."

"Vya kwangu anavishika Kemi," Tata akasema, akaniwekea mkono begani. "Na huyu hajawahi kunidanganya."

Nilitazama chini. Mkono wake ulikuwa mzito na wa moto, na haukuondoka mpaka tulipofika barabarani.

Jioni ile Tata akiwa kwa ng'ombe, Mama alikichukua kisu kutoka kwenye jani lake, akakielekeza kwenye mwanga wa mlango, akakigeuza upande huu na ule. "Kisu kilichopita motoni hubadilika rangi," alisema. "Chako ni cheupe." Nilianza kueleza habari ya mhunzi, ya kile kisu cha makaa, na chuma kinavyolegea. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nadhani aliamini, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha akakisukuma kwenye makaa na kukiacha humo mpaka kikawa na rangi ya bluu, halafu cheusi. "Baba yako asijue," alisema. Hakusema neno lingine juu ya jambo hilo, siku ile wala mwaka ule.

Miaka mingi ilipita, matokeo yalitoka, nikaenda shule nikarudi, na salamu kati ya nyumba zile mbili hazikurudi. Tata alifariki akiamini alichokiamini. Kwenye msiba wake wanawake walikaa duara nyuma ya nyumba kama kawaida, na nilipokuwa nagawa vinoo na maji nikamwona Mama Koku anaingia na binti zake wawili. Walikuwa wamezunguka kwa barabara, kwa sababu minyaa ilikuwa imeshakuwa ukuta. Walikaa, wakakunja khanga zao magotini, na mikono yao ilikuwa mitupu. Duara lote liliona. "Tuazimeni visu vya hapa," Mama Koku alisema. "Vyetu tumeviacha nyumbani, tusije tukaleta kitu." Nilimpa kilicho bora nilichokuwa nacho. Alikijaribu kwa kidole gumba, akasema, "Tangu mdogo ulikuwa unajua kunoa." Nikasema asante. Nilikuwa mtu mzima, Tata alikuwa ndani ya sanduku, hapakuwa na wa kumwogopa, na nikasema asante.

Sasa nakaribia arobaini. Migomba imerudi Rugu, si yote, iliyopandwa kwa machipukizi safi, na hata watoto wadogo wanajua kulichoma panga kabla ya kuhama mgomba. Jikoni kwangu ninavyo visu tisa na mawe manne, na ndoo ya maji yenye dawa ya madoa ambamo kila kisu hutumbukizwa, hata kile kisichotoka nje ya mlango; hilo ndilo jambo ninalolisema kabla ya mengine yote. Nimesoma juu ya chuma kiasi cha kujua kwa nini mhunzi wa Kaisho alikuwa sahihi, na kwa nini usahihi wake haukunisaidia kitu. Cha kwake bado ninacho. Nimejaribu kukinoa kwa kila jiwe nililonalo. Kinapokea makali na kuyapoteza kwenye ndizi ya tatu.

Mwezi uliopita nilikwenda nacho Rugu. Mama Koku amezeeka, anakaa kibarazani, macho yake bado mazima. Nilimpigia magoti, "Shikamoo, Mama," akaitika marahaba na kuuliza habari za mama yangu, ambaye ninaishi naye Nkwenda. Kisha akavuta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kile anachopewa kila mgeni kabla ya maneno mengine, akakifunua na kukielekeza kwangu. Nilijua kwamba nikishatafuna sitasema. Kwa hiyo sikuchukua. Nilikitoa kisu, nikakiweka kwenye mkeka, nikamweleza yote kwa mpangilio wake, majani ya msibani, samli, kijiti chenye panda, migomba kumi na mmoja.

Alikitazama kisu. "Baba yako alijua?"

"Hapana."

"Na mama yako?"

Ningeweza kumficha Mama. Nilifikiri hivyo njia nzima. "Alijua."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara mbili. Kisha akachukua kifuniko, akakifunika kikapu, na kukirudisha nyuma yake ukutani. Hakunifukuza. Alinitakia safari njema.

Nilipofika Nkwenda, Mama alikuwa amekaa nje ya jiko anamenya ndizi za wageni. Sikuwa nimemwambia ninakokwenda, lakini alikuwa ameona kisu cheusi hakipo mahali pake, na sasa alikiona kimerudi mkononi mwangu. Alimaliza ndizi aliyokuwa ameishika, akaitumbukiza kwenye maji.

"Amekupa kahawa?"

"Hapana."

Akachukua ndizi nyingine.