Leso Langoni kwa Mzee Onsongo

"Programu yangu itatumiwa hata na mtu anayekamua kwa mkono mmoja! Akiniuliza swali hata moja, nirudi kuchuma majani chai!"

Hayo Bochaberi aliyasema kwenye maikrofoni, mbele ya mkutano mzima wa chama cha wafugaji huko Nyansiongo. Alikuwa amejifunza ubunifu wa programu mtandaoni, kwa kompyuta ya mtumba ambayo kifuniko chake kilishikwa na plasta ya jeraha. Kazi ya programu ilikuwa moja: ng'ombe akiingia joto, mfugaji anabonyeza, daktari wa mifugo anakuja na mbegu kabla joto halijaisha.

Mwenyekiti Anyona, mtu asiyesifu hata mvua, akasema, "Tuijaribu kwa boma moja. Ikishindwa, kikapu cha chai kipo."

Boma lilikuwa la mzee Onsongo. Anayekamua pale ni Kemuma, mke wa mwanawe. Asubuhi moja Kemuma akamwona ng'ombe mweusi anapanda wenzake, akabonyeza. Simu ikapaza sauti kama mhubiri wa sokoni: "Ng'ombe wako anataka kupandwa? Bonyeza tena kukubali!"

Mzee alikuwa hapo mlangoni na kikombe chake cha uji.

Kama wewe si Mkisii, nikueleze: kati ya mke wa mwana na baba mkwe kuna chinsoni, heshima inayofunga mdomo. Neno kama hilo halipiti kati yao, hata kama mwenye shida ni ng'ombe. Kemuma aliitupa simu kwenye ndoo ya maziwa, akatokomea migombani. Mzee akashika fimbo, akaenda kwa jirani kukagua mahindi aliyoyakagua jana. Daktari hakuitwa. Jioni joto likaisha.

"Na wewe ni Mkisii kamili!" Anyona akamwambia Bochaberi. "Sauti uliiweka ya nini?"

"Ya wasiosoma, mwenyekiti."

"Sasa hata wanaosoma wamekimbia."

Wengine wetu tukichekwa hivyo tunaacha diploma njiani. Bochaberi aliomba nafasi mpaka joto lirudi, kisha akaenda kuketi jikoni kwa Kemuma, bila kujitetea. Siku ya pili akaona leso ya njano imefungwa langoni.

"Mbona leso iko huko, dada?"

"Yule ng'ombe mwekundu naye ameanza. Tata mkwe akiiona, anampigia daktari. Hakuna anayesema kitu."

Bochaberi alicheka mpaka akashika kiuno. Mama yake alifunga leso vivyo hivyo miaka yote, na aliyetumwa kuifungua ni yeye, bila kuuliza ni ya nini!

Akaing'oa sauti. Maneno nayo akayatoa. Ikabaki picha ya leso ya njano langoni. Ukiigusa, inatokea kwenye simu ya mzee na ya daktari.

Mweusi aliporudi joto, Kemuma aliigusa kwa kidole chenye povu la maziwa, mkono wa pili ukiendelea kukamua. Mzee akatazama simu yake, akakohoa, akaenda kufungua lango kama aliyekumbuka jambo lake mwenyewe. Pikipiki ya daktari ikaingia. Hakuna aliyeuliza swali.

Leo leso hiyo imo kwenye simu za wafugaji mpaka Nyaramba, na Anyona anajitapa eti alijua tangu mwanzo. Mweusi alizaa ndama jike mwenye paji jeupe. Mzee amempa jina la Bochaberi, na wanunuzi wa Keroka wanaomtaka wanarudi mikono mitupu.

Na ndama wa namna hiyo sokoni ni shilingi elfu arobaini.