Ukurasa wa Mwisho wa Kiapo

Kilichoninyima usingizi ni swali moja: kwa nini mimi? Zamu yangu ya mapokezi katika kliniki ya Oud Metha, huku Uarabuni, huisha alfajiri, na saa mbili asubuhi huwa nimeshafunga pazia la kitanda changu Rashidiya. Wiki ile nililala macho wazi mchana kutwa, nikirudia ujumbe wa sauti wa wakili niliyemfanyia ukarani Kenya baada ya kupata shahada yangu ya sheria.

"Binti yangu, Waarabu hawajambo? Nimeingia kwenye orodha ya wanaohojiwa kuwa majaji. Tume inataka maoni ya wananchi, kwa kiapo. Niandikie mawili matatu. Wewe unanijua."

Kwa miaka miwili hakuwa amenijulia hali, hata Krismasi. Makarani wake wengine walikuwa palepale mjini. Kwa nini amtafute aliye mbali?

Mwenzangu wa chumbani, Mtanga anayefanya usafi hotelini, alinisikiliza huku akikunja sare zake. "Dada, wewe ukipewa chai unauliza ng'ombe alizaliwa lini. Mtu kaomba asemwe vizuri, mseme vizuri, khalas."

"Na kama anataka kuniziba mdomo?"

"Kwani una nini mdomoni?"

Nikamsimulia kisa cha bibi kizee mmoja.

Kisheria, mwenye kuapa anatakiwa kufika mwenyewe mbele ya kamishna wa viapo. Ofisini kwetu Kenya tulipeleka karatasi tu. Kila siku kabla ya chai ya saa nne nilivuka korido hadi kwake na rundo la hati, nikarudi nalo limegongwa mihuri, wino haujakauka, wenyewe wako makwao. Ofisi za jirani zilifanya hivyohivyo, nami sikuona ajabu. Kisha bibi huyo akaja ofisini kuuliza ni lini aliapa kwamba shamba lake liligawanywa kwa hiari yake.

"Mama, kwa umri huu tunasahau," wakili alimwambia kwa upole, akamshika mkono hadi mwisho wa ngazi. Bibi aligeuka akanitazama mimi. Hati ile niliibeba mimi. Mpaka leo sijui kama wakili alijua ina uongo, au ilikuwa haraka tu.

Siku ya tano wakili akanitumia hati ya kiapo, tayari imeandikwa kwa jina langu. Niliipitia nikitafuta mtego, na haukujificha: "Sikuwahi kuona hati ya kiapo ikigongwa mhuri bila mwenye kuapa kuwepo." Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za mihuri. Chini yake alikuwa ameniandikia: "Tia sahihi ukurasa wa mwisho, upige picha unirudishie. Mhuri tutagonga huku."

Nilimsomea Mtanga. Safari hii hakutania. "Sasa bibi ni wewe," alisema.

Hata hapo nilisitasita siku mbili. Nataka kuwa wakili siku moja, na kukiri nilichofanya kwaweza kunifungia mlango huo. Tena, je, nisipoandika chochote, nani atajua? Jibu ni hakuna, na ndilo lililonitia hofu zaidi.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda metro hadi karibu na ofisi ya ubalozi wa Kenya, nikiwa na hati niliyoiandika mwenyewe. Niliandika kwamba wakili alikuwa mwungwana kwa wateja na hodari kortini. Niliandika pia habari za rundo la saa nne, za bibi, na kwamba mbebaji nilikuwa mimi.

"Umeisoma?" afisa aliuliza.

"Mara tisa."

"Moja ilitosha."

Niliinua mkono wa kulia, nikaapa, nikausubiri mhuri mpaka ukashuka mbele ya macho yangu. Nikiwa bado kwenye ngazi za ubalozi niliipiga picha hati, nikaituma kwa tume, kisha nikamtumia wakili nakala, kurasa zote.