Jino la Rangi ya Kwetu

Jino langu la mbele lilivunjwa na makande niliyoyachambua mwenyewe. Ningekuwa nimekula kwa mtu, ningegombana naye wiki nzima. Lakini nilikuwa kwenye kibanda changu cha chakula karibu na stendi ya Babati, na maharage nilikuwa nimeyachambua kwa mikono hii miwili huku nikijisifu kwa wateja kwamba kwangu hakuna anayeuma jiwe. Nikauma jiwe. Mlio niliusikia ndani ya kichwa, na nilipotema kiganjani nikaona kipande cha jino kimelala pembeni ya punje ya hindi. Kilichobaki kwenye fizi alikitoa daktari wa meno siku chache baadaye, akaniambia nisukutue kwa maji ya chumvi, akaita mgonjwa mwingine.

Basi nikabaki na pengo. Siyo mwanya, jamani. Mwanya mtu anazaliwa nao na watu wanamsifia. Pengo ni pengo, na langu lilikuwa juu, mbele kabisa, mahali ambapo mtu akikusalimia ndipo macho yake yanapotua.

Ilikuwa miaka ile mkoa wa Manyara ungali mpya, tumetoka tu kukatwa kutoka Arusha, na Babati yetu, ambayo wengi walikuwa wanaipita wakielekea kwingine, ikaambiwa kuwa ndiyo makao makuu. Wafanyakazi wa serikali walikuwa wanahamia kutoka kila pembe ya nchi. Nyumba zilipata wapangaji kabla hazijaezekwa. Mume wangu ni fundi wa kupaua, na siku hizo mchana harudi nyumbani. Mimi sufuria zangu zilikuwa zinaisha mapema, watu wanaondoka wanalalamika. Sikuwa na sababu ya kununa. Ila wageni wale walikuja na kitu ambacho sikukitegemea, nacho ni meno meupe.

Nimweleze asiyejua. Sisi wengi tuliokulia huku tuna meno ya kahawia. Siyo uchafu, siyo sigara, siyo ugoro. Ni maji. Visima vyetu vina madini yanayoingia kwenye jino la mtoto kabla halijaota, kwa hiyo linatokeza likiwa na rangi yake tayari, la huyu kama chai ya rangi, la yule lina mistari na madoa. Piga mswaki mpaka fizi zitoe damu, utajisumbua bure. Mimi ninayo, mume wangu anayo, binti yetu anayo. Tulikuwa tunajua, lakini tulijua kama unavyojua kwamba una magoti. Sasa ikawa unamwekea mtu sahani, anakushukuru kwa tabasamu jeupe kama maziwa, na wewe unajikuta unamjibu kwa kutikisa kichwa.

Binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na ananisaidia kibandani huku akitafuta kazi ya maana, kama alivyoiita mwenyewe, bila kujali kwamba kazi isiyo na maana ndiyo iliyomsomesha. Alikuwa amesikia kuna nyumba ya wageni inafunguliwa na wanatafuta msichana wa mapokezi. Tangu mji ujae wageni alikuwa amezoea kucheka huku kiganja kimefunika mdomo. Mimi nilidhani ni adabu.

Kuhusu pengo langu, kila mtu alikuwa na lake la kusema. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini mwaka ule walizisuka zote kichwani mwangu. Mume wangu aliniambia, "Acha lilivyo. Unataka nani akuangalie?" Kesho yake asubuhi, akiwa anakunywa chai, akasema, "Ila ukicheka naona mpaka koromeo." Sasa nifuate lipi? Jirani yangu wa kibandani, mwanamke wa Kiislamu mwenye duka la khanga, ambaye wazee wake walitokea pwani, alinishika mkono akaniambia, "Shoga, weka la dhahabu. Bibi yangu alikuwa nalo, akicheka hata mgomvi wake anatulia." Nikaenda nyumbani nimeshawishika kabisa, na kulipokucha nikaona aibu. Mimi, mpika makande, na dhahabu mdomoni? Wateja nao hawakukaa kimya. Mmoja alisema kuna jino la kuvaa na kuvua, mwingine akasema kuna la kufungwa moja kwa moja, ila wanayakwangua kwanza yale ya jirani. Nikauliza jirani limekosa nini. Hakujua.

Kilichonisukuma ni kazi. Mimi ni mtu wa kusema, sifichi. Mteja akidai nyama iliyokwisha namweleza ukweli wake palepale. Na kwa pengo lile maneno yakawa yanatoka na upepo, na mtu anayegombezwa kwa upepo haogopi, anacheka. Siku mteja mmoja alipocheka mpaka akapaliwa na ugali, nilivua aproni nikaenda kutafuta jino.

Kulikuwa na kijana mmoja, mtaalamu wa meno bandia, aliyekuwa amepanga chumba upande wa pili wa stendi. Akanipa shikamoo, nikaitika marahaba, akanikalisha. Alinijaza kinywani kitu kizito kama uji wa ulezi uliopoa, akaniambia nisimeze na nisiongee. Kutoongea ndiko kulikonitesa. Kilipoganda akakitoa, kikiwa na alama ya meno yangu yote na pengo lake. Halafu akaleta kibao kilichopangwa vijino vya mfano, kama vifungo kwenye duka la vitambaa, kuanzia vyeupe pe mpaka vya njano kidogo kama samli. Akawa anavisogeza mdomoni mwangu kimoja kimoja, anatikisa kichwa.

"Mama, ya kwako hayamo humu."

"Yako wapi?"

"Hayatengenezwi. Naweza kulipaka jino rangi lifanane na mengine, lakini tangu nije hapa hajatokea mtu wa kuniomba hivyo. Wote wanataka jeupe. Nikuwekee lipi?"

Hapo ndipo akili iliponihama. Nikiweka jeupe, kila mtu atajua kwamba siyo langu. Nikiweka la kahawia, nitakuwa nimeenda dukani kununua kitu ambacho wenzangu wanatafuta dawa ya kukitoa. Nani anayeingia dukani na kuchagua kitenge kilichochuja? Lakini tena, kama kitenge chote kimechuja, kiraka kipya kina faida gani? Nilikaa pale naangalia kibao kile mpaka vijino vyote vikawa rangi moja. Mwishowe nikamwambia aweke jeupe, ila lisiwe jeupe sana. Akacheka kwa adabu.

Siku nilipolivaa, mume wangu aliniangalia jinsi anavyoangalia paa la mtu. "Umeweka bati moja jipya," akasema. "Sasa ndiyo tutaona kutu ya mengine." Alikuwa ananitania, ni mtu wa utani, lakini roho iliniuma. Binti yangu hakutania. Aliniomba nifungue mdomo, akasogea karibu, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Mama, kumbe inawezekana."

Nikadhani ananisifia. Nikamkaangia yai.

Hazikupita siku nyingi akaniambia, tukiwa tunaosha vyombo kibandani, kwamba amekwenda kwa yule kijana. Kijana amemwambia anaweza kumtengenezea manne ya juu, meupe, mazuri, ila lazima kwanza daktari ayang'oe ya kwake. Na kule nyumba ya wageni wamemwita aende wamwone. Alikuwa anataka kabla ya hapo awe ameshayang'oa.

Meno mazima. Meno yanayomenya muwa, yanayovunja mfupa, hayajawahi kumwuma hata siku moja. Nikamsema mpaka jirani wa khanga akaacha kupima kitambaa cha mtu. Nikamwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki, na jino halioti mara ya tatu. Nikamwambia meno yake hayana ubaya wowote, ndiyo meno ya kwetu, ndiyo aliyonayo baba yake, ndiyo niliyonayo mimi, na anayeyacheka akacheke kwao.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti, "Kama hayana ubaya, mama, mbona ulipokwenda kununua hukununua linalofanana nayo?"

Mimi ni mtu wa kusema, nimeshaeleza. Siku ile niliichukua sufuria iliyokwisha kung'aa nikaanza kuisugua upya.

Baada ya hapo sikujielewa. Nilitia chumvi kwenye chai ya mtu, nikamrudishia mwingine sahani aliyokwisha kulia. Nikawa nalivaa lile jino na kulivua. Nikilivaa namwona mwanangu amekaa kwenye kiti cha daktari, mdomo wazi. Nikilivua, nashindwa kumgombeza vizuri. Nilijiuliza kama kweli niliona aibu siku ile mbele ya kibao, na nikajijibu hapana, kisha ndiyo, kisha nikasema labda ni kijana yule ndiye aliyenichanganya kwa maswali yake. Na tena nikajiuliza, mimi nani nimkataze? Labda angecheka kwa uhuru. Labda angeipata kazi. Mama anayemzuia mtoto wake kupendeza ni mama wa namna gani? Siku nyingine nilikuwa karibu kumwambia nenda. Nilimwangalia akitafuna kiazi, nikamwongezea kingine.

Asubuhi moja nikamwambia, "Nisindikize kwa kijana wa meno." Alifurahi, akavaa vizuri. Nilijua anafikiri nimekubali, na sikumsahihisha, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui nimekubali nini. Tulipofika nikalitoa jino langu nikaliweka mbele ya kijana, kwenye karatasi.

"Lipake rangi yetu," nikamwambia.

Kijana akanitazama. "Mama, watu wanakuja niwatoe kwenye kahawia. Wewe unataka nikurudishe?"

"Ndiyo. Kama unaweza."

Binti yangu akageuka akaniangalia, na uso wake ukaanguka.

Kijana akaja kwenye meno yangu kutafuta mfano, lakini miaka na makande vilikuwa vimeyasugua, mistari yake imepotea. Akaangalia, akaangalia, kisha akamgeukia binti yangu. "Dada, hebu nione ya kwako. Njoo hapa mlangoni penye mwanga."

Akaweka kiti kizingitini. Nje watu wa stendi walikuwa wanapita na mizigo yao. Binti yangu aliniangalia mimi kwanza. Akaenda akakaa. Akafungua mdomo.

Kijana alipaka, akafuta. Akapaka tena, akafuta tena. Alikuwa anainama, anaangalia jino la mwanangu, anarudi kwenye langu na kiburashi chake, ananung'unika. "Rangi hii ina rangi nyingine ndani yake," akasema. "Hapa juu kuna mstari mweupe. Halafu kahawia. Halafu hapa chini inakuja kama asali." Watu wawili watatu walisimama kuangalia. Binti yangu hakufunga mdomo. Machozi yakamtoka pembeni ya macho, na mimi hadi leo siwezi kusema kama lilikuwa jua au lilikuwa jambo lingine. Nilitaka kumwambia kijana aache, tuende zetu, nitabaki na pengo langu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hivyo, mwanangu akanionyesha kwa mkono ningoje.

Kazi ilipokamilika tulirudi kulichukua, binti yangu na mimi. Nililivaa palepale. Mtaalamu mwenyewe alisogeza uso wake, akarudi nyuma, akasema ni zuri, kwa sauti ya mtu anayeshangaa maneno yake mwenyewe. Lilikuwa jino la mwanangu, na mistari yake yote, limekaa kinywani mwangu.

Tukatembea kurudi nyumbani Bagara. Nilikuwa nangoja anilaumu, na nilikuwa nimeandaa majibu, yote mabovu. Tulipoacha barabara kubwa akasema, "Sasa mama, nikiyang'oa haya, utabaki nayo peke yako."

Sikujua kama ananitania au ananiaga. Nilisimama. Nikamwambia, kwa sauti ndogo ambayo haiko kwenye kawaida yangu, "Basi usiniache peke yangu." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Ni neno baya kumwambia mtoto, najua, kwa sababu anaweza kulitii.

Hakuyang'oa. Kule nyumba ya wageni walimchukua msichana mwingine, na hawakusema kwa nini, na mimi kwa muda mrefu nilipita njia nyingine ili nisimwone msichana huyo akitabasamu mlangoni. Binti yangu alipata kazi baadaye, akaolewa, ana watoto, na meno yake anayo yote. Mimi jino langu bado ninalo, nalivua usiku, nalivaa asubuhi. Siku zote nimetaka kumwuliza kama aliyaacha kwa sababu aliyapenda, au kwa sababu alinihurumia mimi. Nikimwuliza atanijibu ukweli, huyo amenirithi mdomo. Ndiyo maana simwulizi.