Ukurasa wa Mkulima Aliyefariki

Nilirudi kutoka Kitwe, Zambia, na diploma ya kompyuta ambayo hakuna mjomba wala mfadhili aliyenisaidia kuipata. Ada nililipa kwa kutengeneza simu sokoni. Leo diploma hiyo ipo kwenye fremu ofisini kwangu Tunduma, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba kazi ninayoisimulia haikufanywa na mtu wa kubahatisha.

Kazi yenyewe ilitoka nyumbani, Iyula. Dada yangu mkubwa ni karani wa mizani katika chama chetu cha ushirika wa kahawa. Alikikalia kiti kile baada ya mumewe kufariki, na ndicho kilicholea wanawe. Msimu huo chama kilinunua programu ya kupokelea kahawa, nayo ikaja bila maelezo yoyote ya Kiswahili. Bodi ikaweka sharti: siku ya majaribio karani apokee kahawa kwa kompyuta peke yake, bila kumpigia mtu simu. Akishindwa, ataletwa karani mwingine.

Dada akanipigia. "We Mzambia, hiyo diploma inayokaa ukutani ishushe ije ifanye kazi."

Nikamwambia nitamwandikia kurasa za msaada. Niliziandika kwa HTML, lugha ya alama inayoieleza kompyuta kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, na hiki ni kiungo cha kubofya ili uende ukurasa mwingine. Hazikuhitaji mtandao, zingekaa ndani ya kompyuta ya chama. Kila jambo nililitengea ukurasa wake: kumtafuta mkulima, kusoma mizani, kutoa stakabadhi. Nilipomaliza nilijiona nimejenga mji.

Jumamosi nikazipeleka Iyula. Dada akajaribu kumpokea mkulima wa kubuni, nami nikachomoa waya wa mizani makusudi ili atafute msaada kwenye kurasa zangu. Akabofya kiungo, akasoma, akabofya kingine, na kingine tena, kisha akaachia kipanya.

"Sasa nipo wapi?"

"Kwenye ukurasa wa nyaya za mizani."

"Na mkulima wangu nimemwacha wapi?"

"Rudi nyuma tu, dada."

"Nyuma ipi? Kila mahali umeandika bofya hapa, bofya hapa. Nimebofya, nimepotea." Akaanza kufuta meza isiyo na vumbi. "Wataniondoa, mdogo wangu."

Jioni alinisindikiza hata hivyo, maana kwetu hasira si sababu ya kumwacha mgeni aende peke yake. Na kusindikiza kwetu hakuishii mlangoni. Unatoka na mgeni, unamwonyesha njia inakokwenda, na pale unapoishia unamkabidhi kwa mwingine anayeelekea huko. Kwenye kona ya mashine ya kusaga tukamkuta jirani anayekwenda barabara kuu. Dada akamwambia, "Huyu ni mdogo wangu, ametoka kwangu, anatafuta gari la Tunduma." Kisha akageuka.

Wapo wanaosomea kazi hii ya kuandika kurasa za msaada miaka na miaka wasiielewe. Mimi niliielewa pale kwenye kona. Dada alikuwa ametaja nilikotoka na ninakokwenda, na kurasa zangu hazikuwa zikisema lolote kati ya hayo.

Nikaandika zote upya. Juu ya kila ukurasa nikaweka umetoka wapi. Chini nikaweka unakwenda wapi, na kiungo cha kumrudia mkulima uliyekuwa naye. "Bofya hapa" nikazifuta zote, kila kiungo kikataja kinakokupeleka. Kisha nikaongeza ukurasa ambao hata waliotengeneza programu hawakuufikiria. Kwetu mzee akifa, familia huendelea kuleta kahawa kwa namba yake, lakini programu ile ikishaambiwa mtu amefariki huikataa namba. Nilijaribu kwenye kompyuta ya chama, kwa namba ya marehemu baba yetu. Jina lake likatokea kwenye kioo, na chini yake: Imefungwa. Halafu nikaandika hatua ya kwanza: Mpe pole mwenye kahawa.

Dada alipoisoma alicheka. "Kompyuta nayo inatoa pole?"

"Haitoi. Unatoa wewe."

Siku ya majaribio mwenyekiti wa bodi alikusanya simu zote akaziweka mbele yake. Mimi nikaketi kwenye benchi la mlangoni, nimekatazwa kufungua mdomo, adhabu kubwa kwa mtu mwenye ujuzi wangu. Wakulima wa kwanza walipita salama. Kisha akaja mama mmoja mtu mzima na ndoo zake za kahawa mbivu, akataja namba ya mumewe. Programu ikakataa. Wajumbe wa bodi wakatazamana.

Mkono wa dada ulisimama juu ya kipanya. Hakunitazama. Akafungua msaada, akaingia "Namba imekataliwa", na kutoka hapo "Mkulima aliyefariki". Niliona midomo yake ikisoma. Akainua uso.

"Pole, mama. Mzee alituacha lini?"

"Wakati wa mvua, mwanangu."

"Mungu ampumzishe. Kahawa yake tunaipokea."

Mwenyekiti akavua kofia. Dada akafuata viungo, kutoka kwa marehemu kwenda kwenye ukurasa wa kuandikisha mrithi, kutoka kwa mrithi kwenda kwenye mizani, hadi akamrudia mama yule aliyesimama mbele yake. Stakabadhi ikatoka na majina yote mawili, la mume na la mke. Mama akaisogeza karibu na macho, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Mwenyekiti akamrudishia dada simu yake. "Endelea, karani."

Hukumu yote ilikuwa hiyo. Nimesoma kurasa za msaada za makampuni makubwa, na sijaona hata moja inayoanza kwa pole. Ile ni yangu.

Siku hiyo dada hakunisindikiza. Nilipoaga aliinua mkono bila kugeuka, jicho likiwa kwenye kioo. Nje, foleni ya ndoo ilikuwa imefika kwenye kona ya mashine ya kusaga.